Matoka ya Mpakani

Maxine aliamka na uso umevimba tena, macho yamebaki vijistari viwili, na Rwamba akamwambia alale kidogo zaidi. Alimwambia ni kwa sababu amelala kifudifudi. Uongo huo alikuwa ameutumia jana na juzi, na mtoto wa miaka saba akiambiwa jambo na mama yake ambaye pia ni mwalimu, atabisha nini? Aligeukia ukutani, akajivutia blanketi la babu yake, akafumba macho ambayo yalikuwa karibu yamejifumba yenyewe.

Rwamba alitoka akaenda kusimama nyuma ya jiko, mahali ambapo hakuna mtu angemwona. Uvimbe huo aliujua. Baba yake, Njue, alikuwa ameanza vivyo hivyo: uso asubuhi, miguu jioni, kisha mkojo wenye povu, kisha miaka ya kusafishwa damu kwa mashine huko Embu mjini, akienda na kurudi mpaka mlinzi wa geti la hospitali akawa anamwita kwa jina. Walikuwa wamemzika wiki iliyopita chini ya mparachichi, na udongo wa kaburi ulikuwa bado haujashuka. Sasa uvimbe ulikuwa umehamia kitandani kwa mtoto wake.

Mtu mwingine angembeba mtoto mbio hospitalini. Tusimhukumu Rwamba upesi kwa kutofanya hivyo. Alikuwa amekalia yale mabenchi miaka mingi, anajua jinsi daktari anavyovua miwani kabla ya kusema neno baya, na alikuwa amejishawishi kwamba neno ambalo halijasemwa bado si kweli. Zaidi ya hayo alikuwa na hofu nyingine, hofu ya aibu, ambayo hangeweza kumweleza daktari yeyote. Alikuwa ameng'oa matoka ya mpakani.

Ukilitazama, itoka ni ua tu. Lina majani marefu mapana, maua meupe yenye mistari myekundu, na chini ya ardhi lina kitunguu kikubwa cha kujaza mikono miwili. Watu wa Embu walilipanda mipakani tangu zamani kwa sababu ni kaidi: jua likiwaka hunyauka juu, mvua ikinyesha huchipuka palepale. Wakalipa kazi ya kutenganisha shamba na shamba, na ili kazi hiyo iheshimiwe wakasema kwamba anayeling'oa hufa, na kabla hajafa ataona vya kuona. Baadaye wakaja wapimaji wa serikali na hati zao za mihuri. Watu wakazipokea hati, wakazilaza chini ya godoro, na matoka wakayaacha yalipokuwa. Hata makasisi wenye mashamba hawakuyagusa, ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kueleza kanisani ni kwa nini.

Lakini msiba wa siku hizi una kazi kuliko harusi. Kamati ilitaka mahema makubwa, mheshimiwa wa wadi alikuwa ametuma salamu kwamba atakuja na msafara, na njia ya kuingia kwa Njue ilikuwa nyembamba, ya mtu na punda wake. Ikaamuliwa kwamba sehemu ya chini, kutoka barabarani mpaka kahawa inapoanzia, isafishwe na kumwagwa murram, changarawe ya barabarani. Vijana walipofika kwenye mstari wa majani mapana walisimama na majembe yao, mmoja akamwuliza Rwamba kama waendelee. Yeye alikuwa na simu sikioni, akimwelekeza kaka yake Gachoki, mlinzi wa hoteli huko Qatar, jinsi ya kufungua video ya mazishi. Aliinua mkono akawaashiria wang'oe, wala hakukatiza sentensi yake. Kufikia jioni murram ilikuwa imefunika kila kitu. Mheshimiwa mwenyewe hakuja.

Aliyegundua ni shangazi yake, Ruguru, dada mkubwa wa Njue, ambaye aliolewa mbali huko Kiritiri na haji nyumbani ila kwa msiba. Siku iliyofuata mazishi alikwenda kuokota kuni, akakuta vitunguu vya matoka vimerundikwa chini ya kahawa. Hakupiga kelele. Alirudi jikoni, akaketi, akauliza ni nani aliyeyang'oa, akaambiwa ni vijana. Akauliza ni nani aliyewatuma, na Rwamba akasema ni yeye.

“Basi ni wewe,” Ruguru alisema. “Hao walikuwa jembe tu. Na usingoje ikuguse wewe kwanza, mwari. Hiyo huanza na mtoto.”

Alitaja na dawa yake: kondoo dume, wazee wa pande zote mbili, jirani akubali, na matoka yarudishwe mahali pake hasa, kwa mikono ya nyumba zote mbili. Kisha akapanda bodaboda akaenda zake, na maneno akayaacha ndani ya nyumba. Rwamba alijaribu kuyacheka. Alikuwa mwalimu wa darasa la nne, mwanachama wa umoja wa akina mama kanisani, mtu anayefundisha watoto wa watu kwamba magonjwa huletwa na viini. Siku chache baadaye Maxine akaamka amevimba, na kicheko kikamkauka.

Mumewe, Kiunga, alikuwa amewaacha hapo kwa Njue akarudi kazini Nchiru, ambako alikuwa akisimamia hosteli za wanafunzi. Alipiga simu Jumamosi jioni akauliza mtoto anaendeleaje. Rwamba alimjibu kwamba wote wako salama, mtoto anacheza. Kiunga akataka azungumze na binti yake kidogo, na Rwamba akasema amelala, na wakati huo Maxine alikuwa ameketi mbele yake kabisa, akimtazama kwa hayo macho madogo. Alipokata simu hakuthubutu kuinua uso.

Kilichomwumiza zaidi ni kwamba maishani mwake, akiogopa kitu, dawa ilikuwa moja tu: kumwita baba. Njue aliachiwa watoto wawili na mkewe wakati Rwamba hajajua hata kutembea vizuri, na jamaa walipomletea habari za kuoa tena aliwapikia chai, akawasikiliza, akawasindikiza. Kusuka nywele alifundishwa na akina mama kwenye foleni ya kiwanda cha kahawa. Aliketi juu ya gunia la buni, mtoto katikati ya magoti, akina mama wakimwelekeza na kumcheka, na vidole vyake vinene vikihangaika na vinywele vidogo. Mistari ilitoka imepinda. Rwamba alikwenda shuleni na mistari hiyo iliyopinda, na msichana aliyemcheka alirudi nyumbani na pua inayotoka damu, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kucheka kazi ya baba.

Hata alipougua hakuacha kuwa baba. Wagonjwa wa figo hupimiwa maji, na yeye alikuwa na kikombe chake kimoja cha bati cha kutwa nzima. Maxine alipenda kunywea kikombe cha guka, yaani babu yake, basi Njue kila mtoto alipokuja alibakiza funda moja chini, akajifanya ameshiba. Mtu amekauka ulimi kwa kiu, anamwachia maji mtoto ambaye ana mtungi mzima jikoni. Rwamba alikuwa ameyaona hayo akanyamaza, na sasa kila alipoyakumbuka alitaka kulia kwa sauti, lakini hofu haikumpa nafasi ya kulia. Kumwomboleza baba yake ilikuwa kazi ambayo hata hajaianza.

Jumapili hiyo ndipo alipokata shauri. Kondoo hakuwa naye, wazee hakutaka wajue, na jirani ndiye aliyemwogopa kuliko wote. Jirani huyo aliitwa Njuki. Alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mkavu, asiyecheka, na katika miaka yote ya ugonjwa wa Njue hakukanyaga pale nyumbani hata kuuliza hali. Watu walitoka hadi Runyenjes na Kianjokoma kuja kumwombea mgonjwa, na Njuki, ambaye moshi wa jiko lake uliingia kwao, hakuja. Kwenye mazishi alisimama nyuma kabisa, karibu na barabara, na kabla ya chakula alikuwa ameshaondoka. Rwamba alimweka kwenye kundi la watu wenye roho mbaya, akamfungia humo. Kwenda kwa mtu kama huyo na kumwambia nimeng'oa mpaka wetu kulikuwa sawa na kumkabidhi kisu.

Lakini Jumapili Njuki huwa kanisani tangu ibada ya kwanza mpaka ya mwisho. Rwamba alimpa Maxine uji usio na chumvi wala kitu, akamwambia asitoke nje kwenye baridi, akachukua jembe na karai akashuka chini. Alijiambia kwamba akiyarudisha matoka haraka, kimya kimya, huenda jambo hilo litajisahau. Ni mawazo ya mtoto aliyevunja chungu, najua, lakini hofu humrudisha mtu utotoni.

Vitunguu vilikuwa bado hai. Vingine vilikuwa vimeanza kutoa ncha za kijani pale vilipotupwa, bila udongo, na kuviona hivyo kulimtisha zaidi. Alivijaza karaini. Shida ilikuwa ni mahali pa kuvirudishia, maana murram ilikuwa imesambazwa na kushindiliwa na magari, na hakukuwa na shimo wala alama. Alijaribu kukumbuka mstari ulivyokuwa kabla ya mazishi, akagundua kwamba hakuwahi kuutazama. Alikuwa akija mwishoni mwa wiki, anamshusha baba kwenye gari, anapika, anafua, anarudi Embu mjini. Nani hutazama mpaka?

Alichokumbuka kilikuwa cha zamani sana. Kabla hajapelekwa shule ya bweni, mvua zikiisha, baba yake alikuwa akimbeba mabegani na kuutembelea mpaka wote, akipalilia matoka. Pale barabarani palikuwa na mgrevilea mkubwa, na kisiki chake bado kipo. Hapo Njue alimshusha, akamsimamisha, akamwambia kwamba hapo alipokanyaga ni kwao, na akiinua mguu kwenda upande wa pili atakuwa mgeni wa Njuki. Kumbukumbu hiyo ilikuwa safi. Basi alianzia kwenye kisiki, akanyoosha macho mpaka kwenye mche wa kwanza wa kahawa, akaanza kuchimba.

Mstari huo ulimpeleka moja kwa moja ndani ya nepia ya Njuki, majani anayolishia ng'ombe. Rwamba alisimama akautazama, kisha hasira ikampanda hata hofu ikapungua kidogo. Kumbe ndiyo sababu haji kuona mgonjwa. Mzee mzima wa kanisa, jirani amelala kitandani anasafishwa damu, yeye anasogeza nepia yake kidogo kidogo kwenye shamba la mgonjwa. Aliikata nepia kwa jembe bila huruma na kupanda itoka baada ya itoka, akishindilia udongo kwa kisigino. Alikuwa karibu kufika kwenye kahawa aliposikia majani yakisogea.

“Mwalimu,” sauti ilisema. “Ni nani amekuonyesha hiyo laini?”

Njuki alikuwa amesimama ndani ya nepia yenyewe, mundu mkononi, mabuti ya mpira miguuni. Ng'ombe wake alikuwa akikaribia kuzaa na hakuweza kumwacha aende kanisani. Rwamba hakuwa amewahi kumkaribia hivyo tangu awe mtu mzima. Alishika jembe kwa mikono miwili, akajibu kwamba aliyemwonyesha ni baba yake.

“Lini?”

“Nikiwa mdogo.”

“Mdogo aje? Kabla uugue, ama baadaye?”

Rwamba hakumwelewa. Alimwuliza anazungumzia kuugua gani. Njuki aliuweka mundu chini, akaketi juu ya kisiki cha mgrevilea kama mtu aliyefika mwisho wa safari ndefu, na akamwambia habari ambayo hakuna mtu mwingine aliye hai aliyeijua.

Rwamba alipokuwa na umri wa Maxine alivimba. Alivimba uso, tumbo na miguu, mpaka nguo zikawa hazimwingii, na hospitali za hapa zikashindwa, zikasema apelekwe Nairobi. Njue alikuwa na kahawa iliyochumwa lakini haijalipwa. Njuki alikuwa na ng'ombe wa maziwa, tena mzuri, akamwuza ili mtoto wa jirani aende kutibiwa. Njue akakataa kumpa asante ya mdomo tu. Alisema atampa kipande cha shamba, kutoka kisiki hapo mpaka murram ilipo sasa, na hakukubali kubembelezwa. Wakaita wazee wawili, ambao wote sasa ni marehemu, wakachinja kondoo, na matoka yakasogezwa.

Rwamba alisikiliza mpaka mwisho. Alikumbuka safari ya Nairobi. Alikumbuka amevalishwa koti kubwa la baba, akinunuliwa mandazi njiani, akionyeshwa maghorofa. Alikuwa ameisimulia safari hiyo kwa wenzake shuleni kuwa ni matembezi, kwa sababu baba yake alimwambia ni matembezi. Hata wodi aliyolala aliikumbuka kama nyumba ya watu wengi wenye vitanda vyeupe. Na huyo baba, alipoulizwa na madaktari wa figo kama kuna mwingine katika ukoo aliyewahi kuugua hivyo, alitikisa kichwa mbele ya binti yake, akasema hakuna.

“Sasa hizo matoka unapanda ni za zamani,” Njuki alisema. “Mpaka ya babako haiko hapo. Iko huku chini ya murram. Lakini si hiyo inanisumbua.”

“Ni nini inakusumbua, Baba Mutugi?”

Alimwita hivyo bila kukusudia, kwa jina la mwanawe mkubwa, jinsi baba yake alivyokuwa akimwita zamani kabla ya kimya. Njuki alivua kofia akaishika magotini. Alisema kwamba siku ile, kabla ya kung'oa, wazee walikuwa wamesitasita. Kondoo amechinjwa, kila kitu ni halali, lakini itoka ni itoka, na hakuna aliyetaka mkono wake uwe wa kwanza. Mtoto mwenyewe alikuwa bado wodini, hajulikani kama atarudi. Ndipo Njue akapiga magoti.

“Alishika ile ya kwanza,” Njuki alisema, “akasema hivi, nami nikiwa hapa nasikia: kama kuna ubaya kwa hii kazi, na ule ugonjwa ambao tayari umeingia kwangu, usimguse mtoto. Upitie kwangu. Akaivuta.”

Rwamba aliyatazama matoka aliyoyapanda.

“Ukapona. Miaka ikaenda, ukasoma, ukaolewa, mimi nikasema ni maneno tu. Halafu siku moja akakuja hapa kwa hii ua, amekunja suruali mpaka kwa goti. Akabonyeza mguu na kidole, shimo ikabaki. Akaniangalia, akacheka. Alifurahi, Mwalimu. Mimi sijawahi ona mtu akifurahia ugonjwa. Tangu hiyo siku nikaogopa kuingia kwenu. Ningemwangalia usoni nikimwambia nini, na shamba yake ndiyo inanilishia ng'ombe?”

Kwa hivyo hiyo ndiyo roho mbaya ya Njuki. Rwamba alimtazama mzee huyu ambaye alikuwa amemchukia kwa raha miaka yote, akaona mtu aliyekuwa akijificha ndani ya nyumba yake mwenyewe kila gari la mgonjwa lilipopita. Akamwuliza kama yeye anaamini kwamba hivyo ndivyo baba yake alivyokufa. Njuki alijibu kwamba akiwa kanisani haamini. Kisha akatazama nepia iliyokatwa, matoka yaliyopandwa upya na karai lililokuwa karibu tupu, akauliza swali ambalo Rwamba alikuwa amelikimbia siku zote hizo.

“Mtoto wako ako wapi? Simwoni akicheza.”

“Amevimba,” Rwamba alisema. Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwake, na lilipotoka akaketi chini.

Njuki alisimama haraka kwa mtu wa umri wake. Alimwambia ampeleke mtoto hospitali sasa hivi, mambo ya shamba yatangoja, kondoo atatoa yeye, wazee watatafutwa. Alitoa simu akampigia Mutugi alete gari. Alikuwa akizungumza kwa sauti ya mtu anayeamuru.

Na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mpaka leo hajamsimulia Kiunga. Alikuwa amepanda matoka mahali ambapo si pao. Alikuwa ameligeuza neno la baba yake, amelirudisha shamba ambalo baba alilitoa kwa ajili ya uhai wake, tena kwa mkono wake mwenyewe, huku mtoto wake akivimba ndani ya nyumba. Kuyaacha hapo hata kwa saa moja hakuweza. Alitambaa mpaka kwenye itoka la kwanza, lile la kisikini, akalikumbatia kwa mikono yote miwili chini ya majani.

“Usiseme,” Njuki alisema. Alikuwa ameelewa kabla hata hajafungua kinywa. “Mwari wa Njue, nakuomba. Nimebeba moja hii miaka yote. Usinibebeshe ingine.”

Lakini alisema. Aliyasema kwa Kiembu, lugha ambayo huwakataza watoto wasiizungumze darasani, na aliyasema taratibu ili pasiwe na neno linalopotea. Kama kuna ubaya katika kazi hii, na kama kuna ugonjwa ulioingia tayari, usimguse Maxine. Upitie kwangu. Akavuta, na kitunguu kikatoka kwenye udongo laini kwa urahisi uliomtia woga. Njuki alikuwa amegeuka akitazama barabara, kofia kifuani. Alipogeuka tena hakumlaumu. Alichukua jembe, akapasua murram mahali alipopajua yeye, na wote wawili wakalizika itoka hilo moja hapo, mkono wa nyumba hii na mkono wa nyumba ile, mpaka gari la Mutugi likapiga honi.

Hospitalini walimkuta daktari mwanamke, kijana, mwenye sauti ya chini. Alimbonyeza Maxine miguu, akamtazama macho, akapeleka mkojo kupimwa, kisha akauliza lile swali lao: kuna mtu mwingine katika familia aliyewahi kuwa na shida hii? Rwamba aliona kichwa cha baba yake kikitikisika. Alishika mkono wa mtoto.

“Mimi,” alisema. “Nilikuwa na umri wake. Na baba yangu imemuua.”

Daktari alivua miwani. Hata hivyo neno lililofuata halikuwa baya jinsi Rwamba alivyolitegemea. Alisema watoto wengi wenye hali hiyo hupona kwa vidonge wakiwahiwa, ingawa inaweza kurudi, na kwa sababu ya habari ya ukoo atataka kumfuatilia kwa karibu, yeye na mama yake pia. Alisema ingekuwa vizuri zaidi wangekuja uso ulipoanza kuvimba. Rwamba aliikubali lawama hiyo. Jioni alimpigia Kiunga akamweleza kila kitu kuhusu ugonjwa, na Kiunga alilia kwenye simu, kisha akatafuta usafiri usiku huohuo. Rwamba alipopimwa yeye mwenyewe, figo zake zilikutwa nzima kabisa. Daktari alitabasamu alipomwambia hivyo, na alishangaa kwamba mgonjwa wake hakutabasamu.

Kondoo alichinjwa mwezi uliofuata. Shangazi Ruguru alikuja kutoka Kiritiri akasimamia kila kitu, akaridhika, akabeba na nyama. Matoka yalirudi yote kwenye mstari wa haki, na mvua zilipofika yakachipuka kana kwamba hakuna kilichotokea. Siku hizi, Rwamba na mtoto wakija mwishoni mwa wiki, Njuki huingia kwa Njue bila hodi. Huleta maziwa, humwuliza Maxine habari za shule, na huepuka kumtazama Rwamba miguuni.

Maxine yuko nyumbani, anameza vidonge vyake, anaendelea vizuri wiki kadhaa, kisha asubuhi moja macho yanakuwa mazito tena. Rwamba sasa hana uongo wa kumwambia. Lakini kila siku, kabla hajaenda kumtazama mtoto usoni, huketi kwanza ukingoni mwa kitanda chake, mlango umefungwa, akajibonyeza mguu kwa kidole gumba, hapo juu ya kifundo. Nyama hurudi mahali pake. Na zile asubuhi ambazo Maxine ameamka amevimba, hujibonyeza tena, kwa nguvu zaidi, na kungoja, akiomba shimo libaki.